Bibi Nyanzobe Anajisemea Mwenyewe

Vijana wa studio mmeniomba niandike tulivyofanya kazi hii ya kutafsiri picha kabla ya kompyuta. Mwezi uliopita nilistaafu. Koo limekataa, daktari ameniambia niongee kama mtu anayenong'ona kanisani, kwa hiyo muda ninao. Habari za vyeo na malipo sitaziandika, hazingejaza hata ukurasa. Nitaandika yanayoweza kuwafaa kazini, na humo nitaweka habari za Bibi Nyanzobe, maana mpaka leo nasikia mkiwaambia wageni kwamba katika katuni ile ya zamani sauti zote zilikuwa zangu. Sauti ya bibi haikuwa yangu.

Nimezaliwa Songwa, kwenye vijiji vya jirani na mgodi mkubwa wa almasi. Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa. Alipita fundi redio na baiskeli, nikamfuata kwa sababu nilitaka kujua yule mtu anayesoma taarifa ya habari anaingilia wapi. Mama alinitarajia jioni, nikarudi mvua za mwaka mwingine. Tangu hapo nimepakia marobota ya pamba, nimechunga ng'ombe wa watu, nimekuwa utingo wa lori, nimechekecha mchanga ambao wenzangu walikwisha kuuchekecha. Kila kazi niliiacha nilipokwisha kuielewa. Hii ya kutafsiri picha sijaielewa vizuri hadi sasa, nadhani ndiyo sababu nilikaa.

Niliikuta Kambarage, Shinyanga mjini, miaka ya tisini ikianza. Nilikuwa napita tu, nikasikia mtu ndani ya kibanda cha video anaongea kwa sauti ya msichana, mara ya mzee, mara ya farasi. Nikachungulia. Mzee Ndaki alikuwa amesimama kando ya televisheni na maiki mkononi, jasho linamtoka, na picha ilikuwa ya kigeni, watu wanarushana ukutani. Watazamaji walikuwa wanamjibu kama wako barazani kwake. Picha ilipokwisha nikamsalimia, nikamuuliza lugha ile alijifunzia wapi.

"Nani kakwambia naijua?" akasema. "Mimi najua watu."

Ndiyo ikawa shule yangu. Ndaki alinifundisha kuitazama kanda mara ya kwanza bila sauti kabisa, nikifuata mikono ya watu na siyo midomo, kwa sababu mdomo unaweza kusema lolote lakini mkono unaochukua kisu umechukua kisu. Alinifundisha kuwapa watu wa kwenye picha majina ya watu wa ukumbini. Alinikataza kucheka kabla ya watazamaji. Siku yangu ya kwanza nilimpa farasi maneno mengi mno nikamsahau aliyempanda, naye akakaa mdomo wazi kimya mpaka watu wakaanza kuuliza kama ameumwa. Ndaki hakunipokonya maiki. Alikaa nyuma anakula karanga, na baadaye akaniambia farasi wangu anafaa kugombea udiwani.

Vyombo vyetu mnavicheka leo, lakini vilitaka malezi. Deki ya video ikiingia vumbi, picha inaanza kuanguka kama mvua, na ukiendelea kuilazimisha inatafuna kanda. Ilibidi nifungue kifuniko, nipake spirit kwenye kitambaa laini, nisafishe hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, taratibu kwa kufuata mzunguko wake, kamwe siyo juu na chini. Huko machimboni nilikokwenda baadaye ilikuwa shida zaidi kwa sababu ya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Vumbi lake ni kama unga, linapita hata pasipo na tundu. Deki yangu niliivalisha khanga mbichi iliyokamuliwa, mithili ya mtoto mwenye homa. Jenereta niliiweka mbali, kwenye shimo, nikaizungushia viroba vya mchanga isije ikanishinda kuongea.

Katuni yenyewe niliipata kwa Mama Shirin. Familia yao walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, Waislamu, wenye duka la vitambaa hapo mjini, naye pembeni akikodisha kanda. Siku moja akanionyesha boksi la kanda lililokuja na mzigo. Maandishi ya kwenye maganda hayakusomeka kwa yeyote, wala kwa wanawe waliosoma nje. "Wewe unajifanya unaelewa kila kitu," akaniambia. "Chukua. Ukizielewa, uje unisimulie."

Zilikuwa kanda za mfululizo, za watoto, picha za kuchora. Msichana mwenye nywele fupi na mdogo wake wa kiume wanasafiri nchi iliyo juu ya mawingu, wamempanda mnyama wa buluu mfano wa ndama mwenye mabawa. Wanatafuta kitu. Kitu gani, sikujua. Kila walipokuwa wanakitaja walikuwa wanaonyesha juu. Nikaamua ni mvua. Msichana nikamwita Kabula, mdogo wake Shija, na ndama nikamwita Ndama, kwa sababu watoto wa Kisukuma mnyama wanamjua kwa sura yake na hawataki uwadanganye. Mpaka leo sijui hadithi ya wenyewe ilikuwa ipi. Nikikutana na aliyeichora nitamuuliza, halafu tutabishana.

Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, nilikwenda kwa sababu kila mtu alikuwa anakwenda. Mama Kulwa alikuwa na mgahawa wa kulisha wachimbaji, na nyuma yake banda la magunia na turubai. Jioni tuliwaonyesha wachimbaji picha za ngumi, na Jumapili asubuhi, watu wakitoka kanisani, banda lilikuwa la watoto. Kiingilio cha mtoto kilikuwa ukuni mmoja kwa ajili ya jiko la Mama Kulwa. Wapo waliokuja na kijiti cha kuchokolea meno, naye akiwapitisha huku anawauliza kama baba zao ni ndege.

Mlangoni alikaa Bibi Nyanzobe na beseni lake la matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Alikuwa mjane, anaishi peke yake pembeni mwa kijiji, na alikuwepo hapo kabla dhahabu haijavuta watu. Watoto walimtania, naye akiwatania zaidi. Macho yake yalikuwa mekundu sana.

Msomaji wa Shinyanga au Geita hahitaji kuelezwa maana yake miaka ile. Kwa mgeni nitasema tu kwamba bibi mwenye macho mekundu, hasa mjane, aliitwa mchawi anayepanda fisi usiku, na aliweza kukutwa asubuhi amekatwa mapanga, na majirani wote wakasema hawakusikia kitu. Ng'ombe akifa, mtoto akiugua, mtu alikwenda kwa mganga, na mganga akamwambia amtafute mwanamke wa namna hiyo. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Moshi huo kila mtu aliujua, nyumbani kwake kulikuwa nao.

Basi Jumapili moja kanda ilifika mahali ambapo Kabula na Shija wamepotea kwenye ukungu. Ukungu ukafunguka, akashuka bibi kizee, amempanda mnyama mwenye mgongo wa fisi, na macho yake mekundu kama makaa. Akanyoosha mkono. Kanda ikakatikia hapo, maana tamthilia zote hukatikia hapo. Sikuwa nimepata hata nafasi ya kumpa neno moja. Watoto wakatoka nje, na mlangoni wakamkuta Bibi Nyanzobe na beseni lake. Siku hiyo hakuna aliyenunua.

Katikati ya juma maji yakaingia kwenye duara la Maduhu. Duara ni shimo la kuchimbia, na Maduhu ndiye aliyesimamia lile kubwa kuliko yote pale. Mchimbaji wake mmoja alivunjika mguu akikimbilia ngazi, na kazi ikasimama. Maduhu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watu wengi wa kulisha na shimo lililojaa maji. Alikwenda kwa mganga, akaambiwa yale yale wanayoambiwa wote. Aliporudi, mtoto wake akamwambia kwamba yule bibi wa macho mekundu yumo hata kwenye televisheni, anapanda fisi, wote wamemwona. Haya nililetewa na Mama Kulwa akiwa amefunga khanga kiunoni kama mtu anayetaka kuhama.

"Wanasema Jumapili watakuja kuhakikisha," akaniambia. "Ruka hiyo kanda. Weka ya mpira."

Niliifikiria sana. Ila nikiiruka wangesema nimeificha kwa sababu inaonyesha kweli. Na nikiionyesha, nitasema nini? Niliitazama tena bila sauti, Mama Kulwa akilinda mlango. Mambo yalikuwa wazi kupita kiasi. Bibi anawapulizia watoto moshi, wanalala, anawabeba, anawatia kwenye chungu kikubwa kilicho motoni. Nilijaribu maneno ya kila aina. Yote yalisikika kama ya wakili wa mwizi.

Kesho yake Bibi Nyanzobe akaja mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye Mkalimani?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Nasikia umenifungia kwenye sanduku lako."

Nikamwambia siyo yeye, ni picha iliyochorwa na watu wa mbali ambao hata Mwanza hawajafika.

"Anapaa?"

"Anapaa."

"Amepanda nini?"

"Mnyama anafanana na fisi. Ila ana mistari ya kijani."

Akacheka mpaka akajishika ubavu. "Mimi hata baiskeli naiogopa," akasema. Kisha akaacha kucheka. "Jumapili nitakuja nijione."

Nilimwambia kwamba Maduhu atakuwepo na watu wake. Nikamshauri aende kwa ndugu, hata kwa muda. Alisema ndugu zake wamezikwa hapo hapo nyuma ya nyumba yake, na kwamba mtu akijadiliwa asipokuwepo, akirudi anakuta amekwisha hukumiwa. Akasimama, akapangusa sketi yake, akaniuliza kiingilio cha watu wazima ni nini. Nikamwambia ni sawa na cha watoto.

Jumapili banda lilijaa. Watoto walikaa chini mbele, akina mama wakasimama ukutani, na Maduhu na vijana wake wakajipanga mlangoni. Bibi Nyanzobe akaingia na ukuni mnene begani, akamkabidhi Mama Kulwa. Maduhu alimpisha, maana hata hivyo huwezi kumzuia mtu mzima njia. Akaketi kwenye kigoda mbele kabisa, na watoto wakasogea, wakaacha pengo kila upande wake.

Nikawasha. Ukungu, fisi, bibi. Watoto wakatazama kioo, wakamtazama Nyanzobe, wakarudi kwenye kioo. Maduhu akasema kutoka mlangoni, bila ukali: "Mkalimani, huyo mtaje jina lake. Tusikie."

Nilichokumbuka ni kwamba sauti haikai vizuri mpaka itoke kwa mtu wa ukumbini. Nikasema, "Mwenye sauti yake yupo. Atajisemea." Nikainama nikampa maiki.

Aliishika kama mwiko. Akakohoa, na kikohozi kile kikaingia mdomoni mwa bibi wa kwenye kioo sawasawa, hata mimi ambaye ndiyo kazi yangu nisingeweza kukipima hivyo. Kisha akawasalimu watoto kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

Mtoto wa kule akisalimiwa na mzee haanzi kufikiri kwanza. Banda zima likaitikia, "Mwangaluka, mayu," kama wanavyomwitikia mama. Walikuwa wamekiamkia kioo. Nikaona akina mama ukutani wanaangaliana.

"Hawa wawili wametoka wapi wachafu hivi?" akauliza Nyanzobe, huku bibi wa picha akiwapulizia watoto moshi. "Wanazunguka mawinguni tangu Jumapili iliyopita, hakuna aliyewaogesha? Laleni kidogo, maji yapate moto."

Chungu kikatokea. Watoto mbele wakajikunyata. Nyanzobe akaendelea tu, akilalamika kwamba Shija ana magoti kama ya ngedere, kwamba masikio ya Kabula yangepandwa mahindi. Mtoto mmoja akacheka, akafuata mwingine. Chungu kikafunikwa, kikafunuliwa, na wale watoto wakatoka wakiwa ndege weupe, wakaruka juu ya ukuta ambao kanda zote zilizotangulia walishindwa kuuvuka. "Nendeni," akawaambia. "Mkirudi na mvua mtanikuta hapa hapa."

Ndipo kioo kikajaa macho yake. Waliochora walikuwa wameyasogeza karibu, makubwa, mekundu, hayapepesi. Kicheko kikakatika. Nilisikia jenereta kule shimoni.

Nyanzobe aliyatazama yale macho muda mrefu. "Haya yameliwa na moshi," akasema. "Nachemsha viazi tangu sijaolewa. Nani humu hajala vyangu? Maduhu, ulipokuja hapa huna duara wala sufuria, ulikula kwa nani?"

Watoto wote wakageuka wakakiacha kioo, wakamwangalia Maduhu. Mwanawe naye alikuwa kati yao.

"Kwako, bibi," Maduhu akasema.

"Yalikuwa matamu?"

"Yalikuwa matamu."

"Basi niache nifanye kazi, kanda inakimbia."

Akageukia kioo akaendelea. Maduhu alisimama pale mpaka mwisho. Vijana wake walipotaka kuondoka aliwaambia waende tu, wanaziba mlango na watoto wanataka hewa, na akacheka kidogo, peke yake. Akitoka alichukua matobolwa kwenye beseni, akala palepale, mbele za watu. Nilielewa, na kila mtu alielewa, kwamba kitendo kile kilikuwa neno lake. Kwa mtu unayemshuku huli. Juma lililofuata alikodi pampu kutoka Geita, shimo likakauka, na watu wakaanza kusema maji yale ni chemchemi ambayo wazee waliijua siku zote. Hakuna aliyemtaja Nyanzobe.

Tangu siku hiyo sauti ya bibi ilikuwa yake. Alikuja mapema, akidai kuitazama kanda bila sauti kama Ndaki alivyonifundisha, ingawa Ndaki hakumjua. Hakuna mtu niliyefanya naye kazi aliyekuwa mgumu kama yule. Nikimwambia hapa bibi amekasirika, anakataa, anasema yule amechoka, tazama mabega. Nikirudi kutazama mabega, kweli. Pasipo na la kusema alinyamaza, na hilo, vijana, ndilo linalowashinda wengi wenu. Watoto walitoka machimbo ya jirani kumsikia. Walimwita Bibi wa Mawinguni, wakambebea maji, wakampelekea kuni, na mwanamke anayepelekewa kuni na watoto wa kila nyumba hana tena kona ya giza ya kuviziwa. Zipo picha kubwa nilizotafsiri baadaye, na watu wamenipa mikono mjini. Ninachojivunia ni ile maiki niliyoiachia.

Kanda ya mwisho ilinitia wasiwasi. Kwenye picha, bibi anasimama kwenye mdomo wa pango kulizuia jeshi, anageuka jiwe, na Kabula na Shija wanalia. Mvua inaanza kunyesha. Mwisho. Nilimwonyesha mapema, nikamweleza kwa upole kwamba hapa anakufa.

"Nani kasema?"

"Amekuwa jiwe, bibi."

"Amekaa," akasema. "Ameketi kidogo, apumzike."

Siku ya kuonyesha, jiwe likasimama kwenye kioo, mvua ikinyesha juu yake, na watoto wakaanza kupangusa macho. Nyanzobe akaanza kuongea kutoka ndani ya jiwe. Akamwambia Shija afunge vifungo, mvua ina baridi. Akamwambia Kabula asiuze ndama. Picha ikaisha, kioo kikawa cheupe, naye bado anawapangia kazi za msimu, nani alime, nani apande viazi. Petroli ikaisha, maiki ikafa. Hakugundua. Aliendelea kwa sauti yake ya kawaida, na hakuna mtoto aliyenyanyuka.

Mimi si mtu wa kukaa. Nilihama Rwamgasa, nikazunguka Kahama, nikarudi Shinyanga, na huko ndiko mlikonikuta. Miaka ilikuwa imepita nilipokutana na Mama Kulwa sokoni Kambarage, akaniambia Bibi Nyanzobe amefariki. Nilimuuliza kitu kimoja tu: alifia wapi. Akasema alifia kitandani kwake, kwa kifua, mchana, uani kukiwa kumejaa watoto wanaotaka kujua kama ameamka.

Nikamwomba arudie. Akarudia: kitandani kwake.